Kabla hujaihamisha akiba yako ya Marekani ukiwa Uganda

Machi 2023 nilikuwa nimekaa kibarazani kwa mama hapa Jinja, simu ikalia. Binamu yangu aliye Waltham, Massachusetts, alikuwa amenitumia picha ya hundi kwa WhatsApp. Jina lilikuwa langu, herufi zote sawa. Kiasi kilikuwa dola 30,400. Mimi nilikuwa nasubiri 38,000.

Nilikuza ile picha mpaka herufi zikachanika, nikidhani sijaona vizuri. Pembeni paliandikwa kwamba dola 7,600 zimezuiliwa kwa ajili ya kodi. Zile ni zamu za usiku za miezi mingi, kuwageuza wazee kitandani saa tisa alfajiri na theluji iko nje. Mama aliniuliza kuna msiba gani.

Ndugu zangu mlio kyeyo, yaani kwenye vibarua vya ughaibuni, na ninyi mliokwisha kurudi, naandika haya kwa sababu wengi wetu tulikatwa kwenye mshahara kila wiki mbili kwa miaka, pesa zikaingia kwenye 401(k), halafu tukapanda ndege bila kujua kanuni za kuzitoa wala kuzihamisha. Nilifanya kazi kule miaka 16, nikachukua uraia wao na wa Uganda nikabaki nao, nikarudi nyumbani mwishoni mwa 2022. Sheria za akiba nilianza kuzisoma baada ya ile hundi, na nilitakiwa kuzisoma kabla.

Twende polepole. 401(k) ni akiba ya kupitia mwajiri. Ukiacha kazi unaweza kuihamishia kwenye akaunti yako binafsi, wanaiita IRA, na IRA ziko za namna mbili. Ile ya kawaida hupokea pesa ambayo haijatozwa kodi ya mapato, kisha kodi inakungoja siku ya kutoa. Ya pili ni Roth IRA, iliyopewa jina la Seneta William Roth wa Delaware, nayo ilitokana na sheria ya 1997. Humo pesa huingia ikiwa imeshatozwa, na ukitimiza masharti unaitoa na faida yake bila kodi.

Ukitaka kuielewa Roth haraka, tazama NSSF yetu. Kaka yangu alifanya kazi kiwanda cha sukari huko Kakira. Kila mwezi alikatwa asilimia 5, mwajiri akaongeza 10, na PAYE, ile kodi ya mshahara, ilihesabiwa kwenye mshahara mzima kabla ile asilimia 5 haijatolewa. Alipofika miaka 55 alichukua mafao yake na hakuna aliyemkata kodi mlangoni. Tofauti ni kwamba hapa mfuko wenyewe hulipa kodi kwenye faida ya uwekezaji wake, ilhali ndani ya Roth faida inakua bila kuguswa. Lakini tabia ni ileile: umelipa ukiingia, unatoka na chako. IRA ya kawaida ni kinyume, na mtu aliyezoea NSSF huingia mtegoni hapo, maana anaona salio la dola 38,000 na kuamini zote ni zake.

Kuhamisha kutoka IRA ya kawaida kwenda Roth kunaruhusiwa. Hadi 2009, mwenye kipato cha zaidi ya dola 100,000 alizuiwa. Tangu 2010 kizuizi hicho hakipo. Bei yake ni moja: kiasi ulichohamisha kinahesabiwa kama mapato yako ya mwaka huo, kana kwamba umelipwa mshahara. Ukihamisha mwaka ambao pia unapokea mshahara wa muuguzi wa Boston, kiasi hicho kinapanda juu ya mshahara na kutozwa kwa kiwango cha juu. Ukihamisha mwaka ambao huna mapato, mambo hubadilika kabisa.

Na hapo ndipo penye faida yetu sisi tuliorudi. Kila mlipa kodi wa kule ana kiasi cha mapato kisichotozwa. Kwa asiye na mwenzi kilikuwa dola 13,850 mwaka 2023, dola 14,600 mwaka 2024, na dola 15,750 mwaka 2025. Mimi nilikuwa Jinja, najenga, nakula akiba ya benki, sina mshahara wowote. Raia wa Marekani hujaza fomu za kodi popote alipo duniani, hilo wengi hulilalamikia, lakini kujaza kwenyewe ndiko kulikonipa haki ya kile kiasi kisichotozwa. Mwaka 2024 nilihamisha dola 14,000 kwenda Roth, nikabakiza nafasi kidogo kwa riba ya benki. Kodi ya shirikisho ikawa sifuri. Mwaka 2025 nikahamisha 15,500, sifuri tena. Jimbo la Massachusetts nalo halikunitoza chochote, kwa sababu sheria ya shirikisho hairuhusu jimbo kutoza akiba ya uzeeni ya mtu aliyekwisha kuhama. Zile dola ningezihamisha nikiwa bado kazini, ningelipa zaidi ya moja ya tano kwa shirikisho, na jimbo lingechukua asilimia 5 yake.

Watu huchanganya kuweka na kuhamisha. Kuweka pesa mpya kwenye Roth kunadai uwe na mapato ya kazi mwaka huo. Kuhamisha hakudai. Dada mmoja wa Bugembe aliniambia amekata tamaa kwa kuwa hana ajira tena, kumbe kuhamisha kulikuwa wazi kwake miaka yote mitatu aliyokaa nyumbani.

Sasa nirudi kwenye hundi. Nilipojaza fomu ya kuondoa pesa kwenye 401(k), niliweka alama kwenye kisanduku cha kulipwa mimi mwenyewe, nikiamini nitaipeleka IRA kwa mkono wangu. Akiba ya mwajiri ikilipwa kwa jina lako, sheria inaamuru wakate asilimia 20 papo hapo, hata kama nia yako ni kuihamisha. Halafu unapewa siku 60 kuingiza kiasi chote kwenye akaunti mpya, pamoja na ile asilimia 20 ambayo huna, uitafute kwingine. Sikuwa na dola 7,600 za kutafuta. Binamu alipeleka ile 30,400 kwenye IRA niliyoifungua kabla ya kuondoka, tukawahi siku, na zile 7,600 zikahesabiwa kwamba nimezitoa nikazila. Nilikuwa na miaka 51. Aliye chini ya miaka 59 na nusu hutozwa faini ya asilimia 10 kwa alichotoa, kwa hiyo nilidaiwa dola 760. Kwa kuwa sikuwa na mapato mengine ya maana, kodi yenyewe ilikuwa sifuri, na mwaka uliofuata nilirudishiwa 6,840. Faini haikurudi. Kutokuwa na mapato hakuifuti.

Neno la kuomba ni uhamisho wa moja kwa moja, kutoka kampuni hadi kampuni. Hundi ikilazimika kuandikwa, iandikwe kwa jina la kampuni inayopokea, na jina lako lifuate tu kuonyesha ni akiba ya nani. Piga simu, uliza, mwambie yule wa upande wa pili akusomee alichoandika. Baadaye ukifika hatua ya kutoka IRA kwenda Roth, fomu itauliza kuhusu kodi tena, na usipokataa kwa maandishi watazuia asilimia 10. Kataa, kama una pesa pembeni ya kulipia kodi yoyote itakayotokea, kwa sababu kilichozuiliwa hakiingii Roth, na kama hujafika umri kinavuta faini ileile. Ukitaka pesa itumwe hadi benki yako ya Uganda, huna ruhusa ya kukataa. Ndiyo maana pesa isitoke nje ya akaunti za kule wakati wa kuhamisha.

Usihamishe Januari kwa furaha. Tangu 2018 uhamisho wa kwenda Roth haurudishwi nyuma. Ukikosea kiasi umekosea. Mimi hungoja Novemba, nijue mwaka umeniletea nini, na napeleka fomu mapema kwa kuwa shughuli lazima ikamilike kufikia Desemba 31. Ukihamisha Desemba, kipindi cha miaka 5 kinahesabiwa kana kwamba ulianza Januari 1 ya mwaka huohuo. Miaka 5 hiyo ni muhimu kwa aliye chini ya 59 na nusu: akichukua alichohamisha kabla haijatimia, faini ya asilimia 10 inamfuata hata ndani ya Roth, na kila uhamisho una miaka yake 5. Kwa hiyo pesa ya mabati na saruji usiihesabu humo.

Rafiki yangu mmoja alikuwa na dola 60,000 kwenye IRA zake, na kati yake 6,000 alikuwa ameziweka baada ya kutozwa kodi. Alitaka kuhamisha hizo 6,000 tu, akijua hazina deni. Haiwezekani kuchagua. IRA zako zote za kawaida huhesabiwa kama chungu kimoja, na ukichota unachota mchanganyiko. Kwake safi ilikuwa asilimia 10, hivyo kati ya 6,000 alizohamisha, 5,400 zilitozwa. Hesabu hiyo huandikwa kwenye fomu namba 8606. Nakala za fomu hiyo zitunze, za kila mwaka, pamoja na hati ya kiwanja.

Haya yote nimeyasema kama raia. Mwenye kadi ya kijani aliyerudi bila kuirudisha rasmi, naye bado anajaza fomu kama mimi. Lakini aliyefanya kazi kwa viza kisha akarudi, habari yake ni nyingine: Marekani na Uganda hazina mkataba wa kodi, basi malipo yake kwa kawaida huzuiliwa asilimia 30, na hana kile kiasi kisichotozwa nilichokitumia mimi. Asifuate hesabu yangu. Na sote tunaoishi hapa tukumbuke kwamba mkazi wa Uganda hutozwa kwa mapato ya dunia nzima. Mimi nilipeleka karatasi zangu kwa mhasibu anayejua kazi za URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kabla ya kuhamisha hata dola moja, na nakushauri ufanye hivyo, ukiwa na karatasi mkononi.

Kwa walio bado kule: fungueni IRA na Roth kabla hamjaondoka. Kampuni kadhaa hukataa kumfungulia akaunti mtu mwenye anwani ya nje, na kufanya hayo ukiwa Jinja kwa simu ya usiku, na umeme unakatika, ni mateso niliyoyaona kwa wenzangu.

Wengine huniuliza kwa nini nahangaika na Roth wakati ningeweza kutoa kidogokidogo nikala. Sababu yangu ni binti yangu. Alilelewa hapa na mama yangu wakati mimi nalea wazazi wa watu wengine, na ana pasipoti ya Uganda tu. Akirithi IRA ya kawaida, kila atakachotoa kitazuiliwa ile asilimia 30. Akirithi Roth iliyotimiza miaka yake, anapokea bila kodi ya kule, mradi aimalize ndani ya miaka 10. Mimi mwenyewe IRA ya kawaida ingenilazimisha kuanza kutoa nikifika miaka 75, niwe nahitaji au sihitaji. Roth haimlazimishi mwenyewe akiwa hai.

Jina la mrithi halihami na pesa. Roth mpya ni akaunti mpya, nayo huuliza upya nani apewe ukifa. Nilipopata fomu hiyo nilimwita binti yangu aje na pasipoti yake, tukaketi palepale kibarazani, nikaandika jina lake kama lilivyo humo, herufi kwa herufi, kisha nikampa namba ya simu ya kampuni naye akaiandika kwa mkono wake.