"Zahanati ni panadol tu": jibu langu kwa mleta mada

Mleta mada, pole sana, na nafurahi kusikia mtoto wa dada yako anaendelea vizuri. Kwa wanaoingia sasa: mtoto wa miaka miwili alikuwa na homa, zahanati wakampima malaria hakuna, wakampa panadol ya maji na kumruhusu. Kesho yake akapelekwa hospitali ya wilaya, akaanzishiwa sindano. Mleta mada anauliza matabibu wa zahanati wanalipwa kwa kazi gani, na wachangiaji wengi wamemuunga mkono kwamba zahanati ni panadol tu.

Mimi ni afisa tabibu, nimefanya kazi kwenye zahanati za vijijini huku Kanda ya Ziwa. Pia nina mama mwenye presha ambaye namsindikiza kliniki na kukaa naye kwenye benchi. Nimeyaona haya mambo nikiwa pande zote mbili za meza, na ninachokiona ni kwamba tabibu na mgonjwa hawapimi huduma kwa kipimo kimoja. Mgonjwa anaangalia kama amesikilizwa, ameguswa na ameondoka na dawa. Tabibu anajiuliza kama amefuata mwongozo na kama kuna dalili ya hatari imempita. Ndiyo maana mtu anaweza kutibiwa sawasawa kabisa akatoka mlangoni akiamini amepuuzwa.

Chukua hilo la malaria. Miaka ya nyuma homa yoyote ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na wazazi wetu wametulea hivyo. Vilipoletwa vipimo vya haraka, vile vya tone la damu la kidole (mRDT), utaratibu ukawa hakuna dawa ya mseto bila kipimo kusoma malaria. Kitaalamu ni sahihi, lakini kazi ya kumweleza mama kwa nini mwanawe anachemka na bado hapewi dawa aliyoizoea imebaki kwa tabibu mmoja mwenye foleni mpaka uwanjani. Halafu kuna upande wa pili ambao watu hawaujui: mtoto akishamaliza dozi na kupona, kipimo hicho kinaweza kuendelea kusoma malaria kwa wiki kadhaa, kwa sababu kinanasa protini ya vimelea iliyobaki kwenye damu hata kama vimelea wenyewe wamekufa. Mama anapima tena duka la dawa, anaona mistari miwili, anarudi kwetu na hasira kwamba tumempa dawa feki. Mtu wa namna hiyo ukimjibu kwa mkato umempoteza, hatarudi tena.

Mtoto wa umri huo akiwa na homa na kikohozi, malaria hakuna, kitu cha kwanza ninachotafuta ni nimonia. Naomba mama ampakate, ainue shati mpaka kifua kionekane, nahesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi ni pumzi za haraka; kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja ni 50 au zaidi. Ukimtazama kwa nje, tabibu huyo ni mtu aliyekaa kimya anaangalia saa. Mama mmoja aliwahi kuniuliza, "Daktari, mbona unaangalia saa, unataka kwenda kula?" Tangu siku hiyo nahesabu kwa sauti na yeye anahesabu nami. Tukifika 32 dakika ikaisha, anajua mwenyewe kwamba kifua kiko salama leo. Namwambia pia ahesabu hivyo hivyo nyumbani usiku. Panadol ni ile ile, ila yule mama hakuondoka akisema hajahudumiwa.

Nimesema "leo" kwa makusudi. Mtoto aliyepumua mara 34 kwa dakika leo anaweza kupumua mara 52 kesho, na hapo matibabu yanabadilika. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba zahanati walikuwa sahihi siku ile na hospitali wakawa sahihi siku iliyofuata. Swali ambalo ningependa mleta mada amuulize dada yake ni hili: je, aliambiwa arudi lini, na aone nini ndipo asisubiri? Kama hakuambiwa, hapo ndipo walipokosea, na hapo namuunga mkono moja kwa moja. Kumwambia mzazi "homa ikiendelea kesho kutwa mrudishe" ni sehemu ya tiba. Kwetu sisi maneno hayo yamezoeleka mpaka tunayasema tukiwa tumeinama, na mzazi anayasikia kama kufukuzwa.

Na kuinama kwenyewe kuna sababu. Mgonjwa akiingia kuna kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) namba 5 cha wagonjwa wa nje, kuna kadi au daftari lake, kuna fomu ya bima kama anayo, na sehemu nyingine kompyuta juu yake. Nilipokuwa nimekaa na mama yangu niliona kwa macho yangu: anaeleza kizunguzungu, tabibu, kijana wa watu, anaandika, hakuinua uso hata mara moja. Najua alikuwa anaandika maelezo ya mama. Mama alitoka akasema, "Huyu mtoto hata hajanitazama." Na siku hiyo mashine ya presha betri zilikuwa zimeisha, kwa hiyo hata kupimwa hakupimwa. Dawa yake nayo haikuwepo, tukaambiwa tukanunue.

Dawa kukosekana ndiko kunakotugombanisha bure. Mgonjwa anadhani tabibu ameificha au ameiuza, tabibu anaona anatukanwa kwa kosa la mnyororo mzima kuanzia MSD (Bohari ya Dawa ya serikali). Wezi wapo, sikatai. Lakini tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya (unaochangiwa na wafadhili) zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kila zahanati inatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wajumbe wanaotoka kwa wananchi. Betri za mashine ya presha hazihitaji waziri. Nendeni kwenye mkutano wa kijiji mkaulize wajumbe wenu ni akina nani na mara ya mwisho walikaa lini. Hii nguvu watu wanayo na hawaitumii, inaniuma sana.

Kuhusu kuruka zahanati na kwenda moja kwa moja wilayani, namwelewa mzazi anayefanya hivyo. MMAM (Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi), ulioanza 2007, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Majengo mengi yamejengwa, watumishi ndio hawakulingana nayo. Mzazi akikuta muuguzi mmoja anazalisha huku foleni ya watoto inangoja, ataondoka tu. Ila daktari ninayefahamiana naye hospitali ya wilaya ananieleza asubuhi yake: mafua, minyoo, kubadilisha kidonda, na katikati yao mtoto aliyeletwa na degedege anasubiri zamu. Anatulaumu sisi wa chini kwa kutowashika watu wetu. Sisi tunamlaumu yeye kwa kutoturudishia majibu ya wagonjwa tuliompelekea kwa rufaa.

Kwa hiyo, mleta mada, kwa mtoto yule akiumwa tena: kama hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea hazinduki, au kifua kinabonyea chini ya mbavu akivuta pumzi, popote palipo karibu ndipo pa kuanzia, hata usiku, na aanzishiwe huduma ya kwanza kabla ya kusafirishwa. Bila hizo, anzeni zahanati. Ombeni ahesabiwe pumzi, ulizeni mrudi lini. Mkipewa rufaa, hakikisheni barua imeandikwa kipimo kilichofanyika, dawa aliyopewa na saa aliyopewa, maana bila hivyo kule wataanza upya, na bila barua yenyewe kadi ya bima inaweza isipokelewe dirishani.