Huu nao ni uchoraji?

SWALI: Mhariri, mchoro wa Barnett Newman, msanii wa Marekani, ni rangi moja na mstari katikati. Alichora au alipaka ukuta?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu, swali lako walimuuliza hata kwao New York. Mwaka 1948 alibandika utepe katikati ya turubai ya damu ya mzee, akaupaka wekundu mkali, kisha hakuubandua. Aliutazama miezi kadhaa. Kazi zake maarufu zikafuata mtindo huo. Mie, lakini, nampendea zaidi sanamu zake za chuma. Mojawapo, Broken Obelisk, ni mnara uliovunjika, umepinduliwa, ncha yake juu ya ncha ya piramidi. Nakala yake moja iko Houston, Marekani. Jiji lilikataa mnara huo utolewe kwa kumbukumbu ya Martin Luther King. Familia ya de Menil, wakusanyaji wa sanaa, ikaununua, ikausimamisha penginepo, kwa jina la King.