Mafunzo ya wafanyakazi kuhusu barua pepe za kitapeli: tulivyofanya Mbeya na Njombe

Mkuu, umeuliza namna ya kuandaa mafunzo ya mtandaoni ili wafanyakazi wa SACCOS yenu hapo Iringa wazitambue barua pepe na meseji za matapeli, na umesema bosi wako anataka kununua kozi iliyotengenezwa nje. Kazi hiyo nimeifanya kwenye kampuni inayonunua parachichi Njombe na Rungwe, ofisi kuu ikiwa Mbeya mjini, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kozi ya nje achaneni nayo. Mifano yake ni ya watu wengine: kifurushi kimekwama posta, marejesho ya kodi ya Marekani. Mtu wa ghala Makambako haoni kinachomhusu, anabonyeza "endelea" mpaka cheti kitoke. Tapeli wa kwetu anakuja na mambo ya kwetu. Anajifanya TRA, mamlaka ya mapato, anataka deni la kodi lilipwe kabla ya saa kumi jioni na namba ya malipo ameshakuwekea. Anajifanya mkurugenzi aliye safarini Dodoma: "Niko kikaoni usinipigie, hili lishughulikie haraka." Halafu kuna ile meseji ambayo kila Mtanzania anaijua, "ile hela tuma kwenye namba hii". Sisi tulianzia hapo. Somo la kwanza lilikuwa swali moja: kwa nini hukutuma hela? Watu wakajibu wenyewe: simjui, ananiharakisha, hajasema hela gani. Ndipo tukawawekea barua pepe ya ofisini yenye mambo yale yale.

Somo nililolitilia mkazo kuliko yote ni la kubadilishiwa akaunti ya benki, maana kwa biashara yetu hapo ndipo pesa nyingi inaweza kuondoka kwa mkupuo. Mnafahamiana na muuza maboksi miaka yote, ankara zake mnazijua, halafu siku moja inaingia barua: "Habari za kazi. Akaunti yetu ya awali ipo kwenye ukaguzi, naomba malipo ya mzigo huu yaingie akaunti mpya iliyopo kwenye ankara." Nembo ni yake, kiasi ni sahihi, Kiswahili kimenyooka. Kwenye simu linaonekana jina tu. Ukiligusa ndipo anwani inajitokeza, na ukiisoma herufi kwa herufi unakuta penye m pamewekwa r na n zilizobanana. Na wakati mwingine hata hilo hulikuti, kwa sababu tapeli ameingia kwenye barua pepe halisi ya muuzaji na anaandikia humo humo. Ndiyo maana siyapendi mafunzo yanayoshikilia makosa ya herufi kama dalili kuu. Google na Facebook walilipa zaidi ya dola milioni 100 kati ya 2013 na 2015 kwa ankara za uongo za Mlithuania mmoja, Evaldas Rimasauskas, aliyejifanya kampuni ya Quanta ya Taiwan, iliyokuwa ikiwauzia vifaa vya kompyuta. Hawakukosa watu wanaojua kusoma.

Kwa hiyo tulichofundisha ni kitendo: akaunti ikibadilika, piga simu kwa namba iliyo kwenye faili la muuzaji, siyo iliyo kwenye barua. Na menejimenti ikaandika waziwazi kwamba mhasibu aliyechelewesha malipo ili apige simu hagombezwi, hata kama mzigo unasubiri. Bila kauli hiyo mnapoteza muda, maana tapeli anatumia woga tulionao kwa wakubwa. Kumpigia mkurugenzi na kumuuliza "Shikamoo mzee, hii barua ni yako?" siyo jambo jepesi kwa karani kijana. Mkurugenzi wetu alirekodi video fupi kwa simu akisema: nipigieni, hata usiku. Hakuna kitu kingine kwenye kozi nzima kilichobadilisha watu kama ile video.

Kwa mitambo tumieni Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni. Ni bure, na programu yake ya simu inamwezesha mtu kupakua somo penye mtandao na kulisoma baadaye bila bando, jambo kubwa kwa walio vijijini. Masomo yawe mafupi, picha za skrini nyingi, maswali yawe ya kuamua: barua hii imeingia Ijumaa jioni, unafanyaje?

Majaribio ya kuwatumia barua za uongo fanyeni (Gophish, programu ya kutuma barua hizo za majaribio, nayo ni bure), lakini msiguse posho wala mishahara. Desemba 2020 kampuni ya GoDaddy ya Marekani iliwajaribu wafanyakazi wake kwa kuwaahidi bonasi ya dola 650 ambayo haikuwepo, ikaishia kuomba radhi. Watu wakishaona ofisi inawachezea kwenye riziki, hawatakuripotia tena chochote. Majina ya waliobonyeza msiyabandike popote. Na usihesabu waliobonyeza tu, hesabu walioripoti na waliripoti baada ya muda gani. Mtu aliyebonyeza akasema papo hapo amekupa nafasi ya kubadilisha neno la siri na kuwapigia benki kabla pesa haijahama. Aliyekaa kimya kwa hofu ndiye anayewagharimu. Wekeni namba moja ya kuripoti, ipokelewe hata Jumamosi. Meseji za simu mzipeleke pia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040.

Nyongeza kwenu ninyi wa SACCOS: waingizeni wajumbe wa bodi na kamati ya mikopo. Wengi wao ni walimu na wakulima wanaotumia barua pepe binafsi kwenye simu, na wao ndio wanaoidhinisha mikopo. Msiwatumie linki ya kozi. Siku ya kikao, kabla ya ajenda ya kwanza, kaeni nao simu zikiwa mkononi, kila mmoja awashe uthibitisho wa hatua mbili (mbali na neno la siri, akaunti inadai uthibitisho wa pili, mfano namba inayokuja kwenye simu) mkiwa hapo hapo.