Chukua Jambo Moja kwa Kila Mtu

Simu yangu haichoki kuniletea watu waliofaulu. Mmoja anataka niamke saa kumi alfajiri nikakimbie, mwingine nisome kitabu kizima kila wiki, mwingine nijimwagie maji ya barafu. Sina ugomvi nao. Ila hawalijui joto la Mombasa la Februari umeme unapokatika usiku, wala hawajapata kugombania matatu ya Kisauni wakati wa magharibi mvua ikimwagika. Nikiwasikiliza nafsi hunipanda kwa nusu saa, kisha nairudia cherehani yangu nikiwa yule yule.

Ndiyo maana nikiulizwa na vijana wanaojifunza kazi kwangu wamfuate nani, huwaambia wamtafute mtu ambaye wanaweza kumfikia kwa miguu. Na wakishampata wasimbebe mzima mzima. Wachukue jambo lake moja, dogo, ambalo wamelishuhudia likitendwa.

Hapa Majengo kuna mama auzaye mahamri na mbaazi za nazi, mlango wa tatu kutoka kibandani kwangu. Unga hukandwa usiku: sukari, hamira, iliki iliyotwangwa, tui zito. Unaumuka yeye amelala. Baada ya sala ya alfajiri anasukuma, anakata, anatia karaini, na mbaazi ziko kando juu ya makaa zikichemka taratibu. Kila mtu humsifia mahamri yake yanavyofura. Mimi kilichonivutia ni daftari.

Mtaani kwetu kifungua kinywa cha mkopo ni jambo la kawaida. Mama huyu hakatai, lakini hamwandiki mtu akishaondoka. Anachukua kalamu, mikono ingali na unga, anaandika mdeni akiwa amesimama pale pale, kisha anamsomea: mahamri manne, mbaazi bakuli moja. Nilimuuliza kwa nini asingoje wateja wapungue. Akanijibu, "Mwanangu, nikikuandika hunioni, mwisho wa mwezi tutagombana. Nikikuandika wanitazama, tutacheka."

Nikalichukua hilo. Sisi mafundi tuna sifa yetu, hasa kumi la mwisho la Ramadhani, kila mtu anapotaka kanzu na dera kabla ya Idi na sisi tumekwisha kuahidi mji mzima. Siku hizi mteja akileta kitambaa, vipimo, pesa alizotanguliza na siku ya kuja kuchukua vyote naviandika mbele yake, namsomea kwa sauti. Kelele mlangoni zimepungua sana. Kwisha kabisa, hapana. Idi ni Idi.

Sasa ngoja nikwambie nisichokichukua kwa mama yule. Ulimi wake ni mkali, wanawe wanaujua. Na kazi yenyewe ina bei yake. Niliwahi kumuuliza mara ya mwisho alihudhuria lini harusi ya usiku, akacheka tu, akasema ngoma zikianza yeye yuko na sinia la unga mapajani. Magoti yake pia yanamlalamikia kwa kukaa kwenye kigoda miaka yote hiyo. Hapa ndipo wale wa kwenye simu wanaponiudhi: wanakuonyesha mahamri yaliyofura, magoti hawakuonyeshi. Mtu akikupendeza, uliza jambo lake limemgharimu nini, kisha uamue kama nawe uko tayari kulipa. Daftari nililimudu. Saa zake sikuziweza, na sioni haya kusema hivyo.

Kuuliza nako kuna adabu yake. Ukimwendea mzee wa barazani na simu mkononi umwambie akupe siri ya mafanikio yake, atakupa maneno matamu ambayo hata yeye hayafuati. Msalimie kwanza, shikamoo yake aipate, umuulize hali ya nyumbani, ukae. Kisha uliza namna, kitu chenye jibu fupi: unga unaukanda saa ngapi, samaki aliyelala unamjuaje. Ukiweza, shika sinia au sogeza ndoo huku ukiuliza. Mtu mwenye kazi mikononi husema kweli zaidi.

Wengine hata hakuna haja ya kuwauliza. Muuza kahawa apitaye kwetu baada ya alasiri, dele mkono mmoja na vikombe vikigongana mkono wa pili, anaujua umbea wote wa mtaa na haongezi wake. Siasa zikipamba moto barazani, yeye huyo, kashaosha vikombe na keshafika kona ya pili. Nimemwiga katika kuondoka. Na kivukoni Likoni, maji yakiwa yametupwa na mteremko wa kupandia feri umekuwa mkali, utaona mkokoteni wenye mzigo ukisukumwa na watu watatu wanne ambao hawajuani. Wakifika juu wanapotea kwenye umati, hakuna aliyeshukuriwa kwa jina.

Iwapo bado unataka mtu mkubwa, mwenye jina, wa kwetu yupo wa kutazamwa kwa njia hiyo hiyo. Nenda Bamburi, Haller Park. Watoto wa shule hupelekwa kuona twiga na viboko, na wakubwa wanakumbuka hadithi ya Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa wakati wa tsunami ya 2004 akashikamana na kobe mzee aitwaye Mzee. Mimi hutazama miti. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya matumbawe ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe lisilo na udongo, maji ya chini yana chumvi. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi kiwandani hapo, alianza kupanda. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizosimama ni 3, mnazi ukiwemo. Mvinje ndio uliokimbia zaidi, lakini majani yake yakianguka hayaozi upesi. Akaleta majongoo. Majongoo wakala majani, kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo, na miti mingine ikapata pa kushika mizizi.

Usiniambie umetiwa moyo na msitu. Msitu huna, wala kiwanda cha kukulipa mshahara ukingoja miti ikue huna. Kinachobebeka ni hiki: aina 23 zilikufa, naye akaendelea na zile zilizobaki, na kilichokwama alikitafutia mdudu wa kukila. Mimi nilipoona mashati ya wanaume hayanilipi, niliacha kuyabembeleza nikabaki na sare za shule na madera. Sijui Haller angesema nini kuhusu madera.

Ukikosa pa kuanzia, anza na mtu ambaye unanunua kitu kwake kila siku, maana kwake una sababu ya kusimama bila kuonekana mpelelezi. Kwa sasa namtazama kijana wa madafu karibu na Makadara. Ukimwambia unataka lenye nyama laini anagonga moja, anagonga la pili, anakupa la tatu, na sijamwona akikosea. Ijumaa baada ya sala huwa na foleni, kwa hivyo nitamwendea siku ya kazi asubuhi, ninunue mawili.