Kabla hujagusa tovuti ya halmashauri, kakae mapokezi

Wiki iliyopita kijana mmoja ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nimeripoti halmashauri, nimekabidhiwa tovuti. Nianzie wapi ili ing'are?" Marahaba mdogo wangu. Hilo neno "ing'are" limenigusa pabaya, maana ndilo lililoniponza.

Nilikuwa afisa TEHAMA kwenye halmashauri ambayo sitaitaja. Nilirithi tovuti ya ule muundo mmoja uliozinduliwa 2017 kwa mikoa na halmashauri, nikaipamba kweli kweli. Ziara ya mkuu wa wilaya, picha nane. Baraza la madiwani, picha kumi na mbili. Nilisifiwa kikaoni, nikavimba kichwa.

Siku moja nikapita mapokezi, nikamkuta mama aliyetoka kata ya mbali kwa bodaboda, anataka kujua leseni ya duka inahitaji nini. Nikamjibu kwa majivuno, "Mama, mbona yote yako mtandaoni?" Akanikabidhi simu yake: "Basi nionyeshe, mwanangu."

Jasho lilinitoka. Picha za ziara zilikuja taratibu, moja moja, zikila bando lake. Masharti ya leseni yalikuwa ndani ya PDF ya mkataba wa huduma kwa mteja, karatasi zilizoskaniwa, nyingine zimegeuka juu chini. Bando likakata kabla hatujafika. Hakukasirika. Alisema tu, "Niandikie kwenye karatasi, mwanangu." Nikaandika: TIN, uthibitisho wa kodi kutoka TRA, mkataba wa pango, kitambulisho cha NIDA. Mistari minne!

Nilikaa mapokezi siku tatu na daftari, kila swali nikalipigia alama. Leseni iliongoza. Kuna baba alitaka leseni ya kuagiza bidhaa kutoka nje. Hiyo ni kundi A, inatolewa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni; sisi halmashauri tunatoa kundi B. Nauli yake ilikwenda bure kwa kukosa sentensi moja.

Basi nikayapandisha yale maswali juu kabisa, kwa maandishi ya kawaida, picha nikazishusha. Haikufika wiki mbili nikapewa barua ya kujieleza: nani kakuruhusu kumshusha kiongozi? Picha zikarudi juu. Miaka imepita na bado inaniuma, sifichi. Waingereza walipozindua GOV.UK, tovuti ya serikali yao, mwaka 2012, kanuni yao ya kwanza ilikuwa kuanza na mahitaji ya mtumiaji, na dunia ikawapigia makofi. Mimi nilipigiwa muhuri.

Kwa hiyo mdogo wangu, kakae mapokezi. Usianze na rangi wala nembo. Fungua tovuti yako kwa simu ya bei rahisi na bando la kujiunga, ukiwa stendi, si kwa intaneti ya ofisi. Kisha rudi ukakae mapokezi tena. Na ukitaka kushusha picha ya mkubwa, omba kibali cha maandishi kwanza; mimi sikuomba. Mshahara wako unalipwa na yule mama wa bodaboda, usimsahau hata siku moja!

Halafu piga mwenyewe namba iliyoandikwa "Wasiliana Nasi". Yetu nilipoipiga ilipokelewa na mzee aliyekwisha kustaafu. Akaniambia wananchi humpigia kila wiki, na masharti ya leseni amekwisha yakariri, huwasomea tu.