Miungu 12 ambao wachezaji hawawajali

Ndugu, umeuliza kwa nini wachezaji wa mchezo wako wa kuigiza wahusika hawawajali miungu 12 uliowabuni kwa ajili ya ulimwengu wa mchezo huo, kila mmoja na kazi yake: vita, bahari, mavuno. Ningekuwa wewe ningeiweka kando orodha hiyo, nianze na watu wa mji wanafanya nini wakipatwa na shida.

Tazama Roma ya kale. Mtu aliweka nadhiri: mungu akinisaidia, nitamtolea kitu fulani. Akishasaidiwa, sharti alipe. Hapo tayari una kisa: mhusika ameahidi fahali mweupe, amepona, na sasa hana hata pesa ya ndama, huku kuhani anamsubiri mlangoni.

Tena Warumi waliweza kumbembeleza mungu wa adui ahame! Mapokeo yanasema mwaka 396 KK, walipouzingira mji wa Veii, jemadari Camillus alimsihi Juno, mungu wa kike wa mji huo, awafuate Roma, akamwahidi hekalu. Mji ulipoanguka, sanamu yake ikahamishiwa kilima cha Aventino. Wape wachezaji kazi kama hiyo, ya kumshawishi mungu wa ngome au kumzuia asiondoke. Na waliobaki bila mungu wao, sasa wamwombe nani?

Nasaba, nani kamzaa nani, iache mpaka mchezaji aulize.