Baba Nasra, Usimfanye Strindberg Shahidi Wako

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 38, mzaliwa wa Tanga, naishi Göteborg, Sweden, na mke wangu na watoto wetu wawili, Nasra wa miaka minane na mdogo wake wa miaka mitatu. Mwaka jana nilipunguzwa kazi ya ghalani, nikajiunga na darasa la tamthilia la jioni. Huko ndiko nilikomjua August Strindberg, mwandishi wa tamthilia wa Sweden, na macho yangu yakafunguka. Familia ni gereza, mapenzi ni vita vya nani amtawale mwenzake, na binadamu kaumbwa kuteseka. Mke wangu anafanya kazi za zamu kwenye nyumba ya wazee, akirudi hataki mazungumzo ya maana. Tuligombana kwa sababu aliamua peke yake kumpeleka Nasra Tanga kwa mama yake likizo nzima. Katika ugomvi huo nilimuuliza kama huyu mdogo ni wangu kweli. Akanyamaza. Shangazi, asiye na kosa si angejibu? Nilipotaka tukapime DNA, akachukua watoto akahamia kwa dada yake. Sijampa talaka. Nimeanza kuandika tamthilia ya maisha yetu, na wenzangu darasani nimewasomea wakaisifu. Je, Strindberg hakusema kweli? Na nifanyeje nijue ukweli kuhusu mtoto?
Baba Nasra, Göteborg

Marahaba, Baba Nasra. Pole kwa kupoteza kazi. Mwanaume aliyezoea kutoka alfajiri na kurudi na chochote mkononi, akikaa nyumbani ugenini huku baridi inauma nje, huumia mahali ambapo hawezi kumwonyesha mtu. Hilo silidharau. Lakini hukuniandikia kuomba pole. Umeniandikia ili nikupe haki, na haki hiyo sina.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Strindberg umemtaja kwa jina lake kamili. Mkeo hukumpa hata jina la kubuni. Umenieleza darasa lako la jioni, hukunieleza jioni hizo watoto hubaki na nani. Umenieleza kazi imekwisha tangu mwaka jana, hukunieleza kodi ya nyumba inalipwa na nani tangu hapo. Na nauli ya Nasra ya kwenda Tanga, ilitoka mfuko gani? Mambo haya huyajui kwa bahati mbaya, au umeyaacha kwa sababu yanamtetea mwenzako?

Mtoto wako wa mwisho ana miaka mitatu. Alipozaliwa hukuwa na shaka. Alipoanza kutambaa hukuwa na shaka. Ulimuogesha, ulimbeba, ukampigia picha ukawatumia ndugu zako. Shaka imekuja baada ya mshahara kukatika, tena siku ileile mkeo alipopitisha jambo bila kukuuliza. Sura ya mtoto haijabadilika hapo katikati. Kilichobadilika ni nani mwenye kauli nyumbani.

Na hapo ndipo ulipomsoma vibaya huyo Strindberg wako. Kwa ninavyoona, iliyokuteka ni Fadren, yaani Baba, tamthilia ya mwaka 1887. Naijua. Kapteni wa kikosi cha farasi na mkewe Laura wanagombania binti yao Bertha. Baba anataka aende mjini akasomee ualimu, mama anataka abaki nyumbani ajifunze uchoraji. Sheria ya wakati ule ilimpa mume kauli yote juu ya watoto, na kapteni anamkumbusha mkewe hivyo bila haya. Laura anatumia silaha pekee iliyobaki mikononi mwake: anamtia shaka kwamba huenda Bertha si wake. Lakini mlango wa shaka hiyo kapteni aliufungua mwenyewe. Tangu mwanzo tunamwona akimhoji askari aliyekana mimba ya mtumishi wa jikoni, na kwenye mazungumzo yale inatoka hoja kwamba mwanaume hawezi kuwa na hakika ya ubaba. Laura aliyaokota maneno ya mumewe, akamrudishia. Mwisho yaya aliyemlea kapteni tangu utoto anamvisha koti la kuwafungia wendawazimu, akimbembeleza kwa maneno ya kitoto, naye anaanguka. Pazia linashuka na swali la baba wa Bertha halijajibiwa, kwa sababu ugomvi ule haukuwa wa damu. Ulikuwa wa nani aamue mtoto aende wapi.

Sasa jitazame. Ugomvi wenu ulikuwa wa nani aamue Nasra aende wapi. Tofauti ni kwamba Laura alisema, na mkeo hakufungua mdomo. Shaka umeileta wewe, umeilea wewe, kisha kimya cha mkeo umekifanya ushahidi. Mwanamke ametoka zamu, ameinua wazee kitandani, amewaosha, amewavisha, amerudi kwenye nyumba anayoilipia, halafu mume aliyeshinda ndani anamuuliza kama amezaa nje. Ulitaka ajibu nini? Kuna matusi ambayo ukiyajibu umeyakubali kuwa ni swali. Adhabu ya kaburi aijua maiti, na hapa maiti si wewe.

Umeniuliza kama Strindberg hakusema kweli. Nitakujibu, kwa sababu na mimi nampenda mwandishi huyu na sipendi atumiwe hivi. Alizaliwa Stockholm mwaka 1849, baba yake mtu wa biashara za meli, mama yake aliwahi kuwa mtumishi. Mama alifariki August akiwa na miaka 13, na baba akamuoa msimamizi wa nyumba. Uchungu wake juu ya familia hakuuokota barabarani, aliuona kwa macho yake utotoni, na ndiyo maana anapoandika habari ya watu wawili wanaokula meza moja huku wamechokana, mtu husoma akashtuka. Katika Dödsdansen, yaani Ngoma ya Kifo, tamthilia aliyoiandika mwaka 1900, Edgar na Alice wamefungiana kwenye ngome kisiwani, wanakaribia miaka 25 ya ndoa, wanatafunana usiku kucha. Nyumba za namna hiyo zipo. Barua kutoka nyumba hizo nazipata.

Ila kuona ugonjwa si sawa na kumjua mwenye kosa. Mke wake wa kwanza, Siri von Essen, alimuacha mume mwenye cheo cha ubaroni, akaingia kwenye uigizaji aliokuwa akiutamani, akaolewa na Strindberg mwishoni mwa mwaka 1877. Mtoto wao wa kwanza alikufa siku chache baada ya kuzaliwa. Wakapata wengine watatu, Karin, Greta na Hans. Wakahama nchi baada ya nchi, Ufaransa, Uswisi, Ujerumani, Denmark. Na katika miaka hiyohiyo, angali anaishi na Siri, mumewe akakaa akaandika kitabu kizima cha kumshitaki, kwa Kifaransa, kumwonyesha kama mke mchafu na mhaini. Unaona ulipoipata tabia ya kuwasomea watu wa darasani mambo ya chumbani? Na Siri alifanya nini? Mwaka 1889, kule Copenhagen, wakati wakaguzi wa serikali wameizuia tamthilia yake Fröken Julie, yaani Bibi Julie, isiigizwe hadharani, Siri ndiye aliyesimama jukwaani akaicheza nafasi ya Julie, mbele ya watazamaji wa faragha, ili kazi ya mumewe ionekane. Miaka miwili baadaye talaka ikapita, watoto wakapewa mama, naye akahamia nao Finland. Yule baba aliyeandika tamthilia ya baba anayeogopa kupokonywa mtoto alibaki bila watoto wake.

Baadaye Karin, binti yao mkubwa, aliandika kitabu kumtetea mama yake. Kilitoka mwaka 1925. Wewe unasoma Kiswidi, kitafute maktaba, kisome kabla hujaandika ukurasa mwingine. Umehukumu kesi kwa shahidi mmoja. Na Nasra ana miaka minane, miaka ya kukumbuka kila kitu, na kalamu ataishika siku moja.

Kisha, mtu huyu unayesema aliiona ndoa kuwa gereza alioa tena mwaka 1893, Frida Uhl, akaachana naye. Akaoa tena mwaka 1901, Harriet Bosse, mwigizaji aliyekuwa mdogo kwake kwa umri kwa mbali sana. Mtu anayeamini kwa dhati kwamba nyumba ni gereza haingii humo mara tatu kwa hiari yake. Alitaka nyumba kupita kiasi. Alichoshindwa ni kukaa na mtu mwenye akili yake na kauli yake bila kumwona adui.

Na kuna Strindberg ambaye kwenye barua yako hayumo kabisa. Mwaka ule wa 1901 Harriet, akiwa mjamzito, aliondoka nyumbani. Katika upweke huo ndipo Strindberg alipoandika Ett drömspel, mchezo wa ndoto. Binti wa mungu Indra anashuka duniani kuona kama malalamiko ya wanadamu yana msingi. Anaolewa na wakili maskini. Mtoto analia, mtumishi anabandika karatasi kwenye nyufa za madirisha ili joto lisitoke, hewa inakwisha ndani, mume anapenda kabichi kwa kuwa ni bei rahisi na mke haivumilii hata harufu yake. Hakuna mbaya pale. Wote wawili ni watu wazuri waliobanwa na umaskini, wanaumizana bila kutaka. Na yule binti, kila anapopita, anarudia neno lilelile: wanadamu ni wa kuhurumiwa. Hakusema wanaume. Nafasi ya binti huyo ilipoigizwa mara ya kwanza, mwaka 1907, aliyeicheza ni Harriet, na talaka ilishapita.

Kwa hiyo kuhusu mateso, ndiyo, alisema kweli. Kosa la maisha yake lilikuwa kwamba kila alipoumia alitafuta mkosaji, na kila mara mkosaji alikuwa yule aliyelala karibu naye. Umechukua kosa lake, ukaiacha huruma yake.

Hapa nizungumze na wengine mnaosoma, maana Baba Nasra si peke yake. Barua za walioko ughaibuni zinanijia nyingi na zinafanana. Mke anapata kazi mapema, kwa sababu kazi za kutunza wazee na wagonjwa zipo na wengi hawazitaki. Mume mwenye cheti chake kutoka nyumbani anaambiwa cheti hicho hakitambuliwi. Mwaka unapita, wa pili unaingia, kauli ndani ya nyumba inahama polepole bila mtu kuitangaza. Mume anaona aibu, na aibu ya mwanaume haina pa kukaa, basi inavaa nguo za hoja. Anatafuta mhubiri wa kwenye simu, video za wanaume wenye hasira, au kitabu cha mtu maarufu, yeyote atakayempa maneno makubwa ya kuiita aibu yake. Wanawake nao wanafanya hivyohivyo, msidhani nimewasahau. Zamani mtu akikosana na mwenzake aliitiwa wazee wa pande mbili, wakakaa mkekani, kila mmoja akasikilizwa. Sisemi ndoa za zamani zilikuwa pepo. Wanawake wengi walinyamazishwa kwenye mikeka hiyo, na nina hasira nalo mpaka leo. Lakini angalau upande wa pili ulikuwepo kikaoni. Kitabu hakimwiti mkeo aje ajieleze. Simu haimwiti. Ukiwa na hivyo viwili unashinda kila kesi, halafu unalala peke yako.

Sasa maswali yako. Kuhusu DNA: usipime. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, na dini yako inakuambia mtoto ni wa ndoa aliyozaliwa ndani yake. Hata sheria ya hapo unapoishi inamhesabu mume wa mama kuwa ndiye baba. Hukunipa hata dalili moja, hakuna safari, hakuna mtu, hakuna tarehe isiyolingana. Una kimya cha mwanamke aliyechoka na tamthilia ya mwaka 1887. Ukipima na jibu likaja kuwa ni wako, hutakuwa umepata mtoto, kwa sababu ulikuwa naye tayari. Utakuwa umempoteza mama yake kabisa.

Hiyo tamthilia yako iondoe darasani. Mwambie mwalimu hutaisoma tena, na karatasi ulizogawa zirudi. Sikukatazi kuandika, huenda una kipaji. Lakini andika kwanza usiku mmoja wa zamu ya mkeo, tangu anavaa sare mpaka anarudi na kukukuta umelala, na maneno mazito mpe yeye. Ukishindwa kuyapata, ujue humfahamu mwanamke uliyezaa naye.

Kesho mpigie shemeji yako, si mkeo. Omba ruhusa ya kwenda. Usiende na kitabu, usiende na sharti, nenda na mtu mzima mnayeheshimiana naye wote wawili, hata kama ni wa jamii yetu ya hapo mjini tu. Useme mbele ya dada yake, kwa sababu aibu uliyompa ameibeba mbele ya dada yake: nilikutukana, mtoto ni wangu, sitalisema tena. Kisha nyamaza, umwache aseme yote, hata likikuchoma. Muulize ni kwa nini aliamua safari ya Nasra peke yake. Nashuku alijaribu kukueleza, wewe ukamjibu kwa Strindberg. Mwambie jioni akiwa zamu utabaki na watoto, na ofisi ya ajira uende kuanzia Jumatatu, hata kwa kazi ya kutunza wazee hiyohiyo.

Akikataa kukuona safari hii ya kwanza, usilazimishe wala usitume ndugu wa Tanga wamshinikize kwa simu. Waombe tu wakuruhusu kuwachukua watoto Jumamosi, wote wawili.